Siri ya Mteja na Taarifa ya Ukatili: Historia ya Swali Moja Kutoka Gisimenti, Kigali

Utangulizi

Gisimenti ni njiapanda yenye shughuli nyingi katika sekta ya Remera, wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Wageni huijua kwa maduka, mikahawa na barabara ambayo katika miaka ya karibuni hufungwa kwa magari mwishoni mwa wiki. Mkazi wake, hata hivyo, huishi pia kati ya sehemu tatu zenye historia nzito. Mwendo mfupi kwa miguu upo Uwanja wa Amahoro, ambako maelfu ya watu walikimbilia mwezi Aprili 1994 chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Katika wilaya hiyohiyo kuna Kacyiru, ambako kituo cha kwanza cha Isange kilifunguliwa mwaka 2009 katika hospitali ya polisi. Kuna pia Ndera, yenye hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1968.

Sehemu zote tatu zinagusa swali moja. Mtu mzima ambaye kwa sababu ya uzee, ugonjwa, ulemavu au utegemezi hawezi kujilinda barabara, anamweleza mshauri nasaha, muuguzi au wakili kwamba anatendewa ukatili, kisha anamwomba asimwambie mtu. Msikilizaji afanye nini? Maandishi ya taaluma hulieleza jambo hili kwa mfano wa mizani: upande mmoja siri ya mteja, upande wa pili usalama wake. Makala haya yanadai kwamba historia ya Rwanda haiungi mkono mfano huo. Katika nyakati zilizokuwa na uzito zaidi, lililoamuliwa halikuwa kama siri itunzwe au itolewe. Liliamuliwa ni nani mwenye neno, na ni nani awezaye kulibeba kwa niaba yake pale anaposhindwa kulibeba mwenyewe.

Siri kama amri ya dola

Siri ya kitaaluma iliingia katika sheria za Rwanda kwa mlango wa jinai. Kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo ya Wabelgiji, iliyotolewa kwa dekrii ya tarehe 30 Januari 1940 na kutumika pia Ruanda-Urundi, kilimwadhibu mtu ambaye kwa hadhi au kazi yake hukabidhiwa siri kisha akaitoa, isipokuwa anapoitwa kutoa ushahidi mahakamani au sheria inapomlazimisha kusema. Maneno hayo yalifuata kwa karibu kifungu cha 458 cha kanuni ya Ubelgiji ya 1867, nacho kilikuwa mrithi wa kifungu cha 378 cha kanuni ya Ufaransa ya 1810. Kanuni ya adhabu ya Rwanda ya 1977, na zilizofuata za 2012 na 2018, ziliendelea kuhesabu utoaji wa siri za kazi kuwa kosa.

Jambo la kuzingatia ni nani hatajwi. Mteja hana nafasi katika kifungu hicho kama mwenye haki. Kinacholindwa ni imani ya jamii kwa tabibu na wakili, na dola ndiyo inayopanga lini mlango ufunguliwe. Ridhaa ya aliyeumizwa haimo.

Nje ya ofisi ilikuwepo siri ya aina nyingine, kongwe zaidi. Mwanamke aliyelalamikia kipigo aliambiwa kwa Kinyarwanda "niko zubakwa", yaani ndivyo nyumba zinavyojengwa. Siri hiyo ilikuwa mali ya ukoo, si ya mtu, na aliyeitoa alihesabiwa kuwa amebomoa. Ni vyema kukumbuka kwamba Mnyarwanda husema "kumena ibanga", kwa kitenzi kilekile cha kuvunja chungu au kumwaga maji: kilichomenwa hakirudi. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini humo tangu 2017, lakini wanaotafsiri miongozo ya huduma bado huandika "siri" kwa mambo haya mawili yasiyofanana, ukimya ambao mtu ameuchagua na ukimya aliowekewa.

Baada ya 1994

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliharibu mpangilio huo wote. Wagonjwa na wakimbizi waliuawa hata ndani ya hospitali ya Ndera. Maelfu ya wanawake walionusurika walikuwa wamebakwa, wengi wakaambukizwa virusi vya UKIMWI, na ndugu ambao kwa desturi wangesikiliza walikuwa wamekufa. Mwezi Januari 1995 wajane 50 walianzisha AVEGA Agahozo. Mwaka 1998 washauri wa majeraha ya nafsi waliunda chama chao, ARCT-Ruhuka. Katika vikundi vya namna hii siri ilipata makao mapya, kati ya ukoo na hadhara: neno lilisemwa mbele ya waliopatwa na jambo lilelile.

Kulikuwa pia na neno lililotoka bila kuchaguliwa. Ihahamuka, istilahi iliyoenea baada ya 1994 kwa ajili ya mshtuko mkali wa nafsi, hutokea zaidi katika majuma ya kumbukumbu ya mwezi Aprili. Katika maadhimisho yaliyofanyika Uwanja wa Amahoro, watu walipiga kelele, wakarudia waliyoyaona, wakabebwa na wahudumu hadi mahali pa utulivu. Mhudumu aliyesikia jina likitajwa katika hali hiyo hakuwa amekabidhiwa siri, wala hakuwa amepewa taarifa. Kifungu cha mwaka 1940 hakina la kumwambia, kwa kuwa kinamjua mtu anayekabidhi tu.

Sheria ya Gacaca na mwenye neno

Sheria ya tarehe 30 Agosti 1996 iliweka mateso ya kijinsia katika kundi la kwanza la makosa, pamoja na yale ya waliopanga mauaji. Huko Arusha, hukumu ya Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998 ilitambua kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, na mashahidi waliofanikisha hukumu hiyo walijulikana kwa herufi badala ya majina. Lakini Arusha ilikuwa mbali. Nyumbani, haki ilikuwa inapelekwa kwenye Gacaca, ambako nguvu ya mahakama ilitokana na kusema mbele ya wote.

Sheria namba 16/2004 ya tarehe 19 Juni 2004 ilikabili mgongano huo katika kifungu cha 38, ambacho kinastahili kusomwa na kila anayeandika sera za ulinzi wa watu wazima. Mhanga wa ubakaji aliruhusiwa kuchagua mmoja au zaidi kati ya majaji, wale inyangamugayo, akamweleza yeye au akamwandikia. Kama hakuwaamini, aliweza kwenda kwa wapelelezi au waendesha mashtaka. Kukiri kosa hilo hadharani kulikatazwa, na hakuna aliyeruhusiwa kumshtaki mwingine hadharani kwa kosa hilo. Na pale ambapo mhanga alikuwa amekufa au ameshindwa, mhusika aliweza kuwasilisha malalamiko kwa siri.

Mpangilio huu haukupima siri dhidi ya taarifa. Uliruhusu taarifa na kuilinda siri kwa wakati mmoja, kwa kumpa aliyeumizwa uchaguzi wa msikilizaji. Kisha ulitenga hali ya asiyeweza kuchagua na kumwekea njia yake, nayo pia ikiwa ya siri. Hata mtuhumiwa alinyimwa uwezo wa kulitumia neno lile kununua nafuu kwa toba ya hadharani, jambo ambalo waandishi wengi wa historia ya Gacaca hulipita haraka mno.

Haukuwa mpangilio usio na dosari. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2004 ilieleza hofu ya wanawake kwamba habari zao zingevuja. Marekebisho ya tarehe 19 Mei 2008 yalizihamishia Gacaca kesi za ubakaji zenyewe, zisikilizwe faraghani. Baadhi ya wanawake waliokuwa wametarajia mahakama za kawaida walihisi wamesalitiwa, ingawa wapo waliosema baadaye kwamba kikao cha faragha kiliwafaa. Ugumu ulikuwa wa mahali. Kwenye kilima ambako kila mtu anamjua kila mtu, mlango uliofungwa nao husema: anayeonekana akiingia katika kikao cha faragha ameshatangazwa, hata kama hakuna jaji aliyefungua kinywa.

Mwaka 2008 na kituo cha Isange

Miezi minne baadaye ilitoka sheria nyingine, namba 59/2008 ya tarehe 10 Septemba 2008, kuhusu kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia. Mwelekeo wake ulikuwa kinyume. Kumsaidia mhanga na kutoa ushahidi kukawa wajibu wa kila mtu, na kukataa kukawa kosa. Lengo lilikuwa kuvunja "niko zubakwa", na hakuna anayeweza kulilaumu. Lakini wajibu ulitamkwa kwa wote bila kutenganisha mtoto, mtu mzima mwenye uwezo wa kuamua, na mtu mzima aliyepungukiwa na uwezo huo. Uchaguzi wa msikilizaji, ambao ndio uliokuwa moyo wa kifungu cha 38, haukupata mrithi.

Isange ilizaliwa katika hali hiyo, mwezi Julai 2009. Jina lake humkaribisha mtu ajisikie nyumbani. Tiba, ushauri, uchunguzi wa kitabibu kwa ajili ya ushahidi na polisi viliwekwa chini ya paa moja, bila malipo, ili aliyeumizwa asizunguke jiji akirudia maelezo yake kila dirisha. Mfumo huo ulienezwa katika hospitali za wilaya, na sifa unazopewa katika kanda hii unazistahili. Hata hivyo umbali kati ya chumba cha ushauri na meza ya upelelezi umekuwa ukumbi tu. Kwa mtoto, ukaribu huo ni uokozi. Kwa mwanamke mzima anayetaka dawa ya kuzuia maambukizi lakini anamtegemea mtesi wake kwa chakula na kodi ya nyumba, ukaribu huohuo unaweza kuwa sababu ya kutovuka Barabara ya Gisimenti kwenda Kacyiru.

Mafunzo ya ushauri nasaha hutumia mara nyingi kesi ya Tarasoff iliyoamuliwa na mahakama ya California mwaka 1976. Haifai hapa. Kesi ile ilihusu mteja aliye hatari kwa mtu mwingine, ilhali hapa mteja ndiye anayeumizwa. Kilicho karibu zaidi kipo Ubelgiji, katika chimbuko la kifungu chenyewe. Mwaka 2000 kanuni ya Ubelgiji iliongezewa kifungu cha 458bis kwa ajili ya watoto, na sheria ya mwaka 2011 ikakipanua hadi kwa watu walio dhaifu kwa umri, ujauzito, maradhi au ulemavu. Mtaalamu anapoona hatari kubwa na ya karibu ambayo hawezi kuizuia mwenyewe au kwa msaada wa wenzake, anaruhusiwa kumwarifu mwendesha mashtaka. Anaruhusiwa, halazimishwi.

Asiye na mhusika

Rwanda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwezi Desemba 2008, mwaka uleule wa sheria mbili zilizotajwa. Mkataba huo unabeba pande zote mbili: kifungu cha 12 kinamtambua mtu mwenye ulemavu kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kifungu cha 16 kinaitaka dola imlinde dhidi ya unyonyaji na ukatili. Sheria ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu data binafsi imeongeza ulinzi wa taarifa za afya. Kila moja inamgusa mteja wa Isange au wa Ndera. Hakuna inayomjibu mshauri aliyeketi mbele ya mtu ambaye uwezo wake wa kuamua huja na kuondoka, asubuhi akiomba polisi, jioni akiomba kimya.

Upo ugumu zaidi kwa wale wanaoitwa intwaza, wazee walionusurika mwaka 1994 huku watoto wao wote wakiuawa, ambao baadhi yao hutunzwa katika makazi ya Impinganzima, kama ya Huye na Bugesera. Kifungu cha 38 kilidhani kwamba aliyeshindwa kusema ana mhusika wa kumsemea. Intwaza hana. Anayeijua habari yake ni anayemlisha na kumwogesha, iwe katika makazi ya pamoja au katika chumba cha kupanga pale Remera. Iwapo malalamiko yanamhusu huyohuyo anayemhudumia, sheria ya 2004 isingekuwa na mtu wa kumpa neno, na sheria ya 2008 ingewaamuru wote walibebe bila kumtaja hata mmoja.