Lebo ya Gunia na Jedwali la Madini

Mfumo wa kufuatilia madini ya Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ulisukumwa zaidi na sheria kuliko na kompyuta. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, iliyozitaka kampuni zieleze iwapo madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila wa Kongo alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na kasiteriti (madini ya bati) ya Bisie, Walikale, ikakumbwa na marufuku hiyo hadi Machi 2011. Mwaka 2014 lebo za iTSCi, mpango wa kufuatilia madini, zikafika Rubaya, Masisi. Gunia la koltani lilifungwa lebo ya plastiki yenye nambari; karani aliiandika daftarini pamoja na uzito, na mfanyabiashara aliongeza lebo yake. Nambari kama hizo ndizo huunganisha jedwali na jedwali katika hifadhidata, kama alivyofundisha mwanasayansi wa kompyuta Edgar Codd mwaka 1970.

Wapo wanaosema lebo ni kazi bure, maana waasi wa M23 walipoiteka Rubaya mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti koltani ikivushwa kimagendo hadi Rwanda. Hoja hiyo ni nzito, ila inaibebesha hifadhidata mzigo usio wake. Seva iliyopangwa vizuri hukataa nambari iliyorudiwa. Haiwezi kujua gunia lilijazwa wapi. Ukweli huanzia shimoni, mkononi mwa karani aliye salama na anayelipwa haki yake.