Vuli, Kaya na Kuba la Nyota

Kamusi zetu zimelitwika neno vuli mzigo usio wake: kuutaja msimu wa Ulaya ambao majani hupukutika na baridi huanza. Vuli ya Msambweni, pwani ya Kwale nchini Kenya, ni mvua fupi, kuanzia Oktoba hadi Disemba, kusi ikiwa imekwisha nguvu, maleleji yakivuma huku na huku, na kaskazi bado haijakolea. Ni wakati huohuo ambapo makumbusho madogo ya miji ya Ulaya na Marekani hutangaza shughuli za jamii: siku za familia, mihadhara, usiku wa kutazama nyota. Natamani shughuli hizo zifanyike Kwale, katika vuli yetu, kwa majina ambayo tayari yamo vinywani mwa watu.

Makumbusho ni neno nilipendalo. Limetokana na kumbusha, si kumbuka, kwa hiyo ndani yake mna anayekumbusha na anayekumbushwa. Jumba halimo. Ndiyo maana pango la Shimoni, katika kijiji chenye jina la pango lenyewe, ni makumbusho kamili: wenyeji humwongoza mgeni gizani na kumsimulia habari za mateka wa biashara ya watumwa. Kaya Kinondo, jirani ya Diani, nayo ni makumbusho. Ni miongoni mwa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mgeni hujifunga kitambaa cheusi kabla ya kuingia. Kwa karani wa sensa, kaya ni watu wanaokula pamoja. Kwa Mdigo, ambaye ni Mmijikenda, ni maskani ya wahenga ndani ya msitu, yenye miiko yake. Afisa wa utamaduni anayeandaa siku ya jamii Kinondo akiishika maana ya kwanza tu, ataandaa tamasha pasipo mahali.

Kazi ngumu zaidi ya kutafuta majina iko angani. Lile jumba la duara linaloonyesha nyota darini tuliiteje? Wapo wanaotaka jina lijengwe juu ya sayari. Sikubaliani nao, kwa kuwa sayari ni chache na hadhira huja kutazama nyota kwa maelfu. Kuba tunalijua, liko juu ya misikiti yetu. Basi na liwe kuba la nyota. Tena si lazima liwe la saruji: kundi la Travelling Telescope, ambalo Susan Murabana ni mmoja wa waanzilishi wake, huzunguka shule za Kenya na darubini na kuba la kujazwa hewa.

Chini ya kuba hilo Kiswahili hakina haja ya kuomba. Kina Zuhura, ambaye pia ni jina la mabinti wetu, kina Mshtarii na Zohali, kina kimondo na nyota yenye mkia. Kina Kilimia, lile kundi la nyota, na ndani ya Kilimia mna kulima. Mwezi Mei Kilimia huzama pamoja na jua, masika yakiwa yamekolea; Novemba huchomoza mashariki jua linapotua. Hiyo ni kalenda nzima ya shamba katika neno moja, na inaniuma kwamba mtoto anaweza kumaliza shule asiweze kukinyooshea kidole.

Falaki ndilo neno lililoonewa. Lilikuwa jina la elimu ya mizunguko ya angani, kisha kupiga falaki kukawa kubashiri, na unajimu ukafuata njia hiyohiyo hadi kurasa za magazeti za bahati ya wiki. Ningependa falaki irudishiwe heshima yake, na pa kuanzia ni Oktoba: Siku ya Mashujaa, ambayo mwaka 2024 kitaifa iliadhimishwa Kwale, huangukia tarehe 20, na usiku wake vimondo vya Orion, mavumbi ya nyota yenye mkia ya Halley, huwa karibu na kilele.

Pwani hii ina haki ya kuidai falaki. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa elimu ya eksrei za angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Orodha yake ya nne ina vyanzo 339, na majina ya vyanzo hivyo huanza kwa 4U. Hiyo U ni Uhuru, na wanafalaki wa dunia nzima wanaiandika hadi leo.

Limebaki suala la tarehe. Usiku wa giza ndio bora kwa nyota, lakini ndio pia usiku wa wavuvi wa dagaa kutoka na taa zao, na wenye kukijua Kilimia watakuwa baharini. Mbalamwezi hufuta nyota ndogo. Mimi ningechagua siku ya saba au ya nane ya mwezi kwa hesabu ya mwandamo: mashimo ya mwezi yanaonekana vizuri kwa darubini, na kufikia saa sita usiku hivi mwezi wenyewe umekwisha kuzama. Kwenye tangazo, kando ya tarehe, yaandikwe maneno maji mafu, yaani kujaa na kupwa kudogo kwa siku hizo, na mvuvi wa kijiji cha Gazi atajua ni lini bila kuuliza.