Uzi wa tiara na mkono wako: matibabu na kinga

Kusi ikishika, kuanzia Tiwi na Diani hadi Gazi na Msambweni, tiara hujaa angani. Watoto hurusha zao za vijiti na karatasi. Pale Diani kuna zile kubwa za kumvuta mtu juu ya maji. Wavuvi nao wana mshipi. Nazieleza pamoja kwa sababu zote hukata mkono kwa namna moja.

Uzi mwembamba uliokaza ukipita mbio huunguza na kukata kwa wakati mmoja. Jeraha huonekana kama mstari mdogo, damu haba, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kwenye vidole, kano na neva ziko karibu na ngozi. Kano ikikatika kabisa hujivuta nyuma, na kadiri siku zinavyopita ndivyo kuishona kunavyokuwa kugumu. Kwa mvuvi, fundi au msusi, kidole kisichokunjika ni riziki iliyopungua.

Ukikatwa

Vua pete kabla mkono haujavimba. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua, mkono ukiwa juu kuliko kifua. Damu ikitulia, osha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka. Maji ya bahari hayatoshi. Kama uzi umeunguza tu, weka mkono chini ya maji ya mfereji dakika 20. Nawasihi msitie majivu, kahawa, mafuta ya taa wala dawa ya meno.

Kisha pima. Kunja na kunyoosha kila kiungo cha kidole, kimoja kimoja. Gusa ncha ya kidole pande zote mbili kwa pamba. Ukiona kiungo hakikunjiki, kuna ganzi, kidole ni cheupe na baridi, damu haikomi, au kidonda kimeachama, usingoje kesho. Zahanati itakufunga, lakini omba upelekwe hospitali kubwa kama ile ya rufaa Msambweni, mkono uangaliwe na daktari. Uliza pia chanjo ya pepopunda, hasa ikiwa miaka 5 imepita tangu uchanjwe.

Kipande cha kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko usiopenya maji, kisha mfuko uweke juu ya barafu. Barafu isikiguse chenyewe.

Kujikinga

Usizungushe uzi mkononi kamwe. Zungushia kopo au kijiti. Mtoto apewe uzi wa pamba, ambao hukatika upesi, si mshipi wa nailoni. Asirushe karibu na barabara, kwani uzi humkaba shingo mwendeshaji bodaboda, wala karibu na nyaya za stima.

Vijana wa ufuoni mnaopokea tiara kubwa, shikeni tiara yenyewe ukingoni, si kamba zake. Na mvuvi avae vipande vya tyubu ya baiskeli vidoleni. Samaki mkubwa akivuta ghafla, aache mshipi uende.

Kule India, uzi wa tiara wa nailoni na ule uliopakwa unga wa kioo ulipigwa marufuku mwaka 2017 na mahakama ya mazingira, baada ya kuua watu na ndege. Sisi tusingoje mahakama. Mzazi anaponunua uzi dukani, aushike kwanza auvute kidogo kwa kidole chake mwenyewe.