Linuksi, Linaksi, Lainaksi: Historia Fupi ya Jina la Programu Huria katika Vinywa vya Waswahili

Katika miaka ya mwanzo ya 2000, Kigamboni ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Temeke na wakazi wake wakitegemea pantoni kufika mjini, nilihudhuria mafunzo ya jioni ya kompyuta katika chumba kimoja kisichokuwa mbali na gati. Mwenzetu mmoja, kijana aliyeishia darasa la saba, aliambiwa asome kichwa cha habari cha kitini. Akasoma bila wasiwasi: "Linuksi." Mkufunzi akamkatiza: "Lainaksi, bwana. Kiingereza hujui?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nalo. Wiki iliyofuata kijana yule hakuja.

Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi kila ninapofundisha utohozi, kwa sababu aliyekosea siku ile hakuwa kijana. Makala haya yanadai kwamba usomaji wake, uliotokana na mazoea ya tahajia ya Kiswahili na si ujuzi wowote wa kompyuta, ulikuwa karibu zaidi na matamshi ya mwenye jina kuliko usomaji wa aliyemsahihisha, na kwamba ukaribu huo una historia yake.

Tuanze na mwenye jina. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa kompyuta. Jina alilolifikiria yeye mwenyewe lilikuwa Freax. "Linux" ni jina la folda iliyofunguliwa na Ari Lemmke, msimamizi wa kompyuta ambamo faili za mfumo huo ziliwekwa ili wengine wazichukue. Kwa hiyo hata huyu tunayemwita mwenye jina alipewa jina hilo na mwingine. Torvalds ni Mfini ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswidi. Ubishi wa matamshi ulipozidi, mwaka 1994 alijirekodi, mara moja kwa Kiingereza na mara moja kwa Kiswidi, akijitambulisha na kueleza anavyolitamka jina hilo. Katika rekodi zote mbili silabi ya kwanza ni *li*, wala si *lai*, na irabu ya silabi ya pili hutamkwa kwa midomo iliyoviringwa, karibu na *u* yetu.

Umbo *Lainaksi*, basi, halikutoka Helsinki. Limetokana na wazungumzaji wa Kiingereza ambao jina Linus kwao ni "Lainas"; wakalisoma jina la mfumo kwa kulilinganisha na jina hilo. *Linaksi* nalo limepitia Kiingereza, lakini kwa njia ya sikio: irabu hafifu ya silabi isiyo na mkazo haimo katika irabu zetu tano, na Mswahili anapoisikia aghalabu huifanya *a*. *Linuksi* peke yake ndiyo iliyotoka moja kwa moja kwenye maandishi. Mwishoni mwake *x* imegeuka *ksi*, kama ilivyokwisha kugeuka katika teksi, boksi na faksi, na hakuna mtu anayeona maneno hayo kuwa ni makosa.

Kuna jambo moja ambalo hata kijana wetu hakuliokoa, nalo ni mkazo. Torvalds huuweka mwanzoni. Kiswahili huuweka katika silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu *i* inapoongezwa mwishoni mkazo hauna budi kuhamia kwenye *nu*. Msemaji anaweza kuhifadhi irabu za mwenye jina, au akahifadhi mkazo wake kwa kuliacha neno likiwa geni kabisa. Kuvipata vyote viwili ndani ya sarufi ya Kiswahili haiwezekani. Kwa hiyo sidai kwamba *Linuksi* ni matamshi ya Kifini au ya Kiswidi. Ni matamshi ya Kiswahili, yenye mantiki yake kamili.

Mantiki hiyo ina umri. Wasomaji wa Kiswahili kwa hati za Kiarabu walikuwa na alama tatu za irabu kwa sauti tano, kwa hiyo mara nyingi msomaji alilazimika kulijua neno ndipo aweze kulisoma. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipoichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, usanifishaji uliimarisha kwa herufi za Kilatini mwafaka wa namna nyingine: kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Mtoto wa shule ya msingi anayeimba ba, be, bi, bo, bu anafundishwa mwafaka huo kabla ya jambo lingine lolote. Baadaye, sekondari, anakabidhiwa Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake haina ahadi ya namna hiyo, na taratibu anajifunza kutoliamini jicho lake. Kijana wa darasa la saba alikuwa bado analiamini. Mkufunzi alikwisha kuacha zamani, na jina geni lilipotokea alifanya kama msomaji wa hati za kale: alitegemea alichowahi kusikia, na alichosikia hakikuwa sahihi.

Si kila jina lina bahati ya Linux. Mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwezi Septemba 1983, una nembo ya mnyama tunayemfahamu vizuri kuliko wao, yaani nyumbu wa Serengeti. Lakini Stallman anataka *g* na *n* zitamkwe pamoja katika silabi moja, na mfuatano huo haumo katika silabi zetu. Mswahili huchomeka irabu, akapata silabi mbili, au hutaja herufi moja moja. Kinyume chake ni nginx, programu iliyotolewa na Igor Sysoev mwezi Oktoba 2004. Alikusudia isomwe kama neno la Kiingereza la "injini" likifuatwa na jina la herufi *x*. Mswahili anaona *ng* ya ngoma na ngisi, sauti ambayo Mwingereza hawezi kuanzia nayo neno, na anaanza kusoma bila kukwama. Anakosea kwa urahisi mkubwa.

Mwezi huohuo wa Oktoba 2004 ilitoka Ubuntu, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Hapa Mswahili hahitaji rekodi wala maelezo. Neno ni ndugu wa *utu*. Kiswahili kilipoteza *n* iliyotangulia *t*, ndiyo maana *-ntu* ya Wazulu na Waxhosa ni *-tu* kwetu, na mkazo uko palepale tunapoutarajia. Hata hivyo nimewasikia wahitimu wa vyuo vyetu wakisema "Ubantu", kwa kudhani kwamba kila *u* iliyomo katika jina la kompyuta lazima iwe *a*. Nakiri kwamba hilo hunikera kuliko *Lainaksi*. Kuliazima neno la Kibantu kupitia sikio la Mwingereza ni kuuzunguka mlango wa nyumba yako ili uingie kwa dirisha.

Ushahidi wenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Desemba ya mwaka uleule. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Kiswidi ya IT+46 kwa fedha za shirika la Sida, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Jina la mradi lilibakiza *x*, herufi isiyomo katika alfabeti yetu, lakini liliongezewa kiambishi *ki-* kile cha Kiswahili na Kihaya. Nimewasikia watu waliosema *Lainaksi* asubuhi wakasema *Kilinuksi* mchana. *Kilainaksi* sijaisikia kwa yeyote. Kiambishi kiliposimama mlangoni, neno zima liliingia chini ya kanuni za nyumba, na silabi *kili-* tayari zilikuwa na mwenyeji wake maarufu, Kilimanjaro. Mofolojia iliamua ubishi ambao ushauri wa matamshi haukuweza kuuamua.

Mwezi Januari 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, njia ya masahihisho iligeuka: programu huria iliyoanzishwa huko kwa ajili ya kukusanya taarifa za matukio iliitwa Ushahidi, na sasa ni wageni waliojikuta wakiimeza *h* ya pili na kuupeleka mkazo wasikopaswa.

Limebaki suala la tahajia. Katika faharasa ninayowaandalia wanafunzi wangu nimeandika Linux, kwa kuwa ndivyo jina lilivyosajiliwa, na pembeni nimeweka matamshi: *li-nu-ksi*, mkazo kwenye *nu*. Mwanafunzi mmoja aliniuliza nimeyatoa kwa nani. Nikamwambia, kwa mwenzangu wa Kigamboni.