Taarifa, Si Ombi: Bulengera na Haki ya Kuandamana

Mgombea wa mtaa anayeunga mkono maandamano ya fahari ya wapenzi wa jinsia moja huhukumiwa na kura. Bulengera, komini ya mji wa Butembo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haina kura hiyo. Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006, lakini katika miji mikuu ya majimbo tu. Kwa Kivu Kaskazini, ni Goma. Komini nne za Butembo, yaani Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, hazikumchagua hata mshauri mmoja. Tena tangu Mei 2021, utawala wa kijeshi ulipotangazwa jimboni, nafasi za meya na mabugumestri wa kiraia zilishikwa na maafisa wa jeshi na polisi.

Je, mjadala ufungwe? Hapana. Sheria ya Kongo haitaji mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Kifungu cha 40 cha Katiba kinahusu ndoa ya mume na mke, na kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu uvunjaji wa maadili hadharani. Kifungu cha 26 cha Katiba ndicho kinachohusu barabara: anayetaka kuandamana huwaarifu wakuu kwa maandishi. Huwaarifu, hawaombi ruhusa. Wala kifungu hakichagui nani atembee.

Watu wa Beni, mji jirani wa Butembo, wanajua uzito wa tofauti hiyo. Mwishoni mwa 2018 uchaguzi wao na wa Butembo uliahirishwa kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Tarehe 30 Desemba, nchi ilipokuwa ikipiga kura, wakazi wa Beni walijipanga kwenye foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura za karatasi walizojiandalia wenyewe, bila kungoja ruhusa. Hakuna aliyezihesabu kisheria. Walipopewa uchaguzi, tarehe 31 Machi 2019, rais alikuwa amekwisha kuapishwa.

Kwa jirani zetu mambo ni magumu zaidi. Kenya, David Kuria Mbote alijitangaza kugombea useneta wa Kiambu akiwa shoga wa wazi, akajiondoa kabla ya uchaguzi wa 2013 kwa vitisho na uhaba wa fedha. Uganda, polisi walivamia sherehe za fahari mjini Kampala Agosti 2016.

Simtaki mgombea wa Butembo abebe bendera ya upinde wa mvua. Kwa nguvu ya makanisa hapa, najua angelipa gharama gani. Siku uchaguzi wa komini utakapofika Bulengera, nitamwuliza jambo dogo zaidi: barua ya taarifa ya maandamano ikiletwa mezani kwako, utatazama kwanza jina la aliyeileta? Akisema barua ya akina mama wanaolilia wafu wao ataipokea, na ya vijana wa maandamano ya fahari ataichana, basi taarifa amekwisha kuigeuza kuwa ombi, na akina mama nao, mwezi ujao, watasimama mlangoni kwake wakingoja ruhusa.