Marubani wa majaribio na ndege za kwanza za kivita za jeti

Kila ndege mpya inapotoka kiwandani, lazima apatikane mtu wa kuirusha kwa mara ya kwanza. Mahesabu yameshafanywa na mfano wake mdogo umeshapimwa kwenye upepo, lakini hakuna aliyewahi kuipaisha. Mtu huyo ndiye rubani wa majaribio. Kazi yake ni kuipeleka ndege kidogo kidogo hadi pale inapoanza kukataa, kisha kurudi nayo chini na kuwaeleza mafundi imekataa vipi. Asiporudi, mafundi hubaki na vipande vya bati na makisio.

Kati ya mwaka 1939 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kazi hii iliua wengi. Sababu ni injini ya jeti, iliyozipa ndege kasi ambayo mabawa, mikia na marubani wenyewe hawakuwa wameizoea.

Injini yenyewe inafanyaje kazi?

Puliza puto, kisha liachie bila kulifunga. Hewa inatoka nyuma, puto linakimbia mbele. Jeti inafanya hivyo bila kukoma. Mbele kuna mapanga mengi madogo yanayovuta hewa na kuishindilia. Ndani, hewa hiyo inakutana na mafuta, yanawaka, na gesi ya moto inatoka nyuma kwa nguvu. Ikiwa njiani kutoka, inazungusha gurudumu lenye mapanga, na gurudumu hilo ndilo linalozungusha yale ya mbele. Mafuta yanayotumika ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, haya haya ya kwenye kibatari.

Watu wawili waliibuni kila mmoja kivyake: Frank Whittle wa Uingereza na Hans von Ohain wa Ujerumani. Wajerumani ndio waliotangulia kuruka. Tarehe 27 Agosti 1939, siku chache kabla ya Vita Kuu ya Pili, Erich Warsitz alirusha Heinkel He 178. Waingereza wakafuata tarehe 15 Mei 1941, rubani akiwa Gerry Sayer. Hizo zilikuwa ndege za kujifunzia tu. Ya vita ilikuwa njiani.

Kukanyaga breki ili upae

Ndege hiyo ni Messerschmitt Me 262, na rubani wake wa majaribio aliitwa Fritz Wendel. Machi 1942 mafundi walimfungia injini mbili za jeti, lakini kwa kuwa hawakuziamini waliiacha puani injini ya kawaida yenye panga. Walifanya vizuri. Jeti zote mbili zilizimika muda mfupi baada ya kupaa, na Wendel akarudi kwa msaada wa ile injini ya zamani.

Tarehe 18 Julai 1942, mjini Leipheim, alipanda tena, safari hii kwa jeti peke yake. Tatizo lilikuwa mkia. Ndege ilikuwa na gurudumu dogo nyuma, hivyo ikiwa ardhini pua ilitazama juu na mkia ukakaa chini, na vibao vya mkiani vinavyoinua au kushusha ndege havikupata upepo wa kutosha. Ilikimbia tu bila kunyanyuka. Dawa iliyopatikana inashangaza: ndege ikifika kasi ya kama kilomita 180 kwa saa, rubani aguse breki. Pua ingeinama, mkia ungenyanyuka, vibao vingeshika upepo. Akizidisha, angechomeka ardhini. Akichelewa, njia ingemwishia. Wendel aligusa breki, mkia ukapanda, akaruka. Baadaye gurudumu la nyuma liliondolewa na kuwekwa la mbele.

Ilikimbia kilomita 870 kwa saa, kasi ambayo ndege za panga za maadui hazikuifikia. Lakini Ujerumani ilikuwa na upungufu wa madini ya kutengenezea chuma kinachostahimili moto, na injini moja ilidumu saa 10 hadi 25 tu. Rubani akiongeza mafuta kwa haraka, injini ilizimika au kushika moto.

Marekani nayo ililipa. Ndege yao ya P-80 ilimuua Milo Burcham tarehe 20 Oktoba 1944, pampu ya mafuta ilipokufa wakati wa kupaa. Pampu ya akiba ilikuwepo, ila hakuwa ameelezwa kuihusu. Tarehe 6 Agosti 1945 akafa Richard Bong, aliyekuwa ameangusha ndege 40 vitani, naye kwa hitilafu ya pampu.

Karibu na kasi ya sauti

Mtumbwi ukienda taratibu, maji hujigawa mbele yake. Ukienda kasi, wimbi hurundikana puani. Ndege inayoikaribia kasi ya sauti, yaani takriban kilomita 1,200 kwa saa karibu na ardhi, hukutana na hewa iliyorundikana vivyo hivyo. Hutetemeka, usukani hukaza, pua hupanda au kuzama yenyewe.

Tarehe 27 Septemba 1946 Geoffrey de Havilland mdogo, umri miaka 36, alirusha ndege ya utafiti DH 108, iliyotengenezwa kwa kiwiliwili cha ndege ya kivita ya Vampire. Ilivunjika angani juu ya mlango wa mto Thames, naye akafa. Kampuni ilikuwa ya baba yake, na mdogo wake John alikuwa ameshakufa mwaka 1943 katika ndege za kampuni hiyo hiyo, mbili zilipogongana. Mzee huyo alizika wana wawili kwa kazi yake mwenyewe.

Tarehe 14 Oktoba 1947 Mmarekani Chuck Yeager aliivuka kasi hiyo kwa ndege ya roketi, X-1. Siri mojawapo ilikuwa kuugeuza mkia wote wa ulalo badala ya kibao chake cha nyuma peke yake, na ndege za kivita zikaiga.

Marubani nao walipata kiti kinachofyatuka na kuwatupa nje. Mjerumani Helmut Schenk alijiokoa nacho tarehe 13 Januari 1942. Mwingereza wa kwanza kuokoka hivyo, Jo Lancaster, alifyatuka tarehe 30 Mei 1949.

Nafasi ya Geoffrey ilichukuliwa na John Cunningham, naye Julai 1949 akarusha Comet, ndege ya abiria ya jeti yenye injini za Ghost, aina iliyotumika pia kwenye ndege ya kivita ya Venom. Mei 1952 Comet ilianza safari za London hadi Johannesburg, na kituo kimojawapo cha njiani kilikuwa Entebbe, Uganda.