Mashine Moja, Damu ya Mlima Mzima

Hapa Nyeri hakuna mtu anayehitaji kufundishwa maana ya mashine ya pamoja. Ukikulia Ruring'u kama mimi, lazima una cucu au guka upande wa Tetu, Othaya au Mathira aliyewahi kubeba gunia la kahawa hadi faktori. Miti ni yako, mashine ya kumenya ni ya chama. Na kuna sheria moja ambayo haina mjadala: kahawa uliyochuma leo inafika faktori leo. Ikilala kwako inaanza kuchacha, na ladha ndiyo hiyo imeenda.

Sasa toa kahawa kwenye hiyo picha, weka damu.

Nataka tuongee kuhusu mashine ambayo wengi wenu hamjawahi kuiona. Lakini kama kuna mtu kwenu aliyeanza ARV kabla ya 2016, kuna uwezekano mkubwa sana kwamba mashine hiyo ndiyo iliyoamua ni siku gani angepewa dawa. Kitaalamu inaitwa saitomita ya mtiririko. Watu wa maabara wanaiita FACS, wanaitamka kama ile faksi ya zamani ya ofisini, na la, si jamaa yake.

Inafanya hivi. Damu inachanganywa na kingamwili zilizofungwa rangi zinazong'aa, na kila aina ya kingamwili inashika alama yake moja tu kwenye seli. Halafu seli zinapangwa foleni ndani ya mkondo mwembamba wa maji, moja nyuma ya nyingine (foleni ambayo stage ya Nyeri haijawahi kuona), zinapita mbele ya mwali wa leza. Seli yenye rangi inang'aa, kompyuta inaihesabu. Maelfu ya seli kwa sekunde moja. Mtu na hadubini angekaa hapo hadi jioni na bado angekosea hesabu.

Ukifuatilia historia yake unakuta watu waliopeana vitu. Wallace Coulter alipata hataza ya mashine ya kuhesabu seli Marekani mwaka 1953. Mwaka 1965, Mack Fulwyler akatengeneza mashine ya kutenganisha seli kule Los Alamos, ndiyo, kulekule kulikoundwa bomu la atomiki. Leonard Herzenberg wa Chuo Kikuu cha Stanford aliitaka, akaomba michoro ya mafundi, akapewa. Kikosi chake kikaongeza rangi na leza, na kufikia 1972 walikuwa na mashine inayochambua seli kwa mng'ao wake. Cambridge nako, mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein wakapata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu, kiasi chochote unachotaka. Njia hiyo haikuwekewa hataza. Yeyote aliyeweza kuitumia aliitumia, na wao wakapata Nobel mwaka 1984.

Lakini mashine yenyewe ilibaki ghali. Hata Stanford, na pesa zao zote, waliishia kuwa na maabara moja ya FACS ambayo watafiti wa idara mbalimbali wanaitumia kwa zamu na kulipia saa zao. Duniani kote ndiyo njia iliyokubalika: mashine chache, fundi anayezijua vizuri, daftari la zamu. Kusema kweli ni faktori ya kahawa iliyopigwa rangi nyeupe.

Halafu ikaja 1981. Madaktari wa Los Angeles wakaona vijana wanaokufa kwa magonjwa ambayo mwili wa kijana hushinda bila shida. Walipopima damu yao kwa kingamwili hizi mpya, seli fulani za ulinzi zilikuwa karibu hazipo. Seli hizo ndizo tunaziita CD4 leo. UKIMWI ulionekana kwenye hesabu hiyo kabla kirusi chenyewe hakijajulikana.

Kenya iliandikisha mgonjwa wa kwanza mwaka 1984. Rais Moi alitangaza UKIMWI janga la kitaifa Novemba 1999, miaka 15 baadaye, na hiyo miaka 15 siwezi kuipita hivihivi. Kuna nyumba hapa mlimani ambazo picha zote za ukutani ni za watu waliozikwa ndani ya hiyo miaka.

Pesa za PEPFAR zilianza kufika baada ya 2003, na mwaka 2006 serikali ya Kibaki, mtu wetu wa Othaya, ikaondoa ada ya ARV kwenye hospitali za umma. Dawa zikawa bure, lakini mlango wa kuzifikia ulikuwa na namba. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa CD4 200 kwa kila sehemu moja ya milioni ya lita ya damu. Mtu mzima mwenye afya huwa na 500 kwenda juu. Ukipimwa ukapatikana na 240 na hujaugua sana, unaambiwa rudi baadaye. Yaani subiri uumwe zaidi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapandisha namba hadi 350, mwaka 2013 ikawa 500.

Na namba hiyo ilitoka wapi? Mashine hazikuwa kila kliniki. Ziliwekwa hospitali kubwa, na vituo vidogo vikazungushiwa hizo hospitali kama mashamba yanavyozunguka faktori. Asubuhi unatolewa damu kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau. Haigandishwi, na ina siku moja au mbili hivi kabla seli hazijaanza kufa na hesabu kuharibika. Kwa hiyo kuna pikipiki au gari la hospitali, kuna boksi, kuna fomu, kuna barabara ya matope ya mwezi wa Aprili. Gari likikwama, wewe ndiye unayerudi wiki ijayo kutoboa mkono tena, na nauli ni yako.

Historia hii haina sanamu popote. Tunajua majina ya maprofesa wa Stanford, lakini dereva aliyefikisha boksi kabla damu haijaharibika hayumo kwenye kitabu chochote. Mimi naona hapo ndipo mfumo wote uliposimama au kuanguka.

Upande wa utafiti kulikuwa na hadithi nyingine, na hii inauma kidogo. Kuanzia 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, walikuwa wakiwafuatilia wanawake wanaouza ngono mtaa wa Majengo, Nairobi. Wachache kati yao walikutana na VVU tena na tena bila kuambukizwa. Damu yao ilichunguzwa, na ikaonekana wana seli za ulinzi zilizokuwa zinakitambua kirusi. Oxford wakaingia, chanjo ya majaribio ikatengenezwa, na mwaka 2001 ikaanza kujaribiwa Nairobi. Lakini mwaka 2000 ikajulikana kwamba hataza ilikuwa imeombwa bila Wakenya ndani yake. Profesa Job Bwayo na wenzake hawakunyamaza. Baada ya mvutano, makubaliano yakaandikwa upya na Nairobi ikapata sehemu yake.

Chanjo yenyewe haikufaulu kama ilivyotarajiwa, ila maabara ilibaki. Leo KAVI, Chuo Kikuu cha Nairobi, wana mashine zao na watu wao wa kuziendesha, na Kilifi, kwa KEMRI na Wellcome, wanachunguza kinga ya malaria palepale ugonjwa ulipo. Hiyo ndiyo sababu nasema kutumia mashine pamoja si ukarimu. Ni mkataba. Usipoandika jina lako mwanzoni, unakuwa mtu wa kuchangia damu tu.

Mwaka 2016 Kenya ikaanza kufuata utaratibu mpya: ukipatikana na VVU unaanza dawa mara moja, namba haijalishi. Habari njema kabisa. Maisha ya mgonjwa sasa yanafuatiliwa kwa kupima kiwango cha virusi, na CD4 ikasahaulika kidogo. Hapo ndipo wengi wanakosea. Mtu anayekuja hospitali akiwa amechelewa sana, CD4 iko chini ya 200, anahitaji kutafutwa kifua kikuu na ugonjwa wa fangasi wa ubongo haraka. Bila hesabu, daktari anamwangalia tu kwa macho. Na watu wanaochelewa bado wapo, wengine ni wa rika letu, tena wanaume ndio wabishi zaidi.

Mashine bila dawa zake za kupimia ni meza ghali. Na dawa hizo kwa miaka mingi zililipiwa zaidi na wafadhili. Cucu anaweza kuwasimulia jinsi hii sinema inavyoenda. Mwaka 1989 makubaliano ya kahawa ya dunia yalivunjika, bei ikaanguka, na watu wakang'oa miti huku faktori ziko pale zimesimama na mashine zao. Januari 2025 Washington ikasimamisha misaada ya nje kwa sahihi moja. Uamuzi unafanywa mbali, hasara inalala kwetu.

Halafu kuna la kwetu wenyewe. Tangu 2013 hospitali ni za kaunti. Ile PGH ya Nyeri, iliyokuwa ya mkoa mzima, sasa iko chini ya kaunti moja, lakini ugonjwa haujui mpaka wa Nyeri na Kirinyaga. Na mashine hii si ya VVU pekee. Ndiyo inayotumika kutambua ni saratani gani ya damu mtoto anayo, maana dawa ya aina moja si dawa ya nyingine. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kama kilomita 150, na jibu linaposubiriwa mzazi yuko kwenye benchi akihesabu nauli.

Mimi sitaki kila gavana anunue yake na kukata utepe. Nyeri, Kirinyaga, Embu, Meru, Laikipia: maabara moja, fundi wawili au watatu wanaolipwa vizuri, na kila kaunti itenge pesa za dawa za kupimia kwenye bajeti yake kabla ya kitu kingine. Vyuo vyetu vilipie saa zao kama Stanford. Mnaweza kubishana nami iwekwe mji gani. Najua watu wa Meru mshaanza.

Kama una mtu kwenu anayefanya kazi maabara ya hospitali huku mlimani, muulize swali moja: mara ya mwisho dawa za mashine ya CD4 kuisha ilikuwa lini, na zilikaa muda gani bila kuletwa? Niandikie jibu, jina lake acha.